Mtoto na Kiinua Mgongo

Katika maswali yaletwayo kwetu barazani baada ya sala ya Alasiri, mawili yamezidi mno katika miaka hii. La kwanza ni la mtoto: wazazi wameachana, au mmoja wao amekufa, na yule aliyebaki na mtoto ataka kuhama naye, pengine kwenda bara, pengine Maskati au Dubai, na jamaa wa upande wa pili wasema hatoki. La pili ni la fedha za marehemu zilizoko katika mfuko wa kazi, yaani pensheni na kiinua mgongo: ni za nani? Ni za yule ambaye jina lake liliandikwa katika fomu, au ni za warithi wote kama Mwenyezi Mungu alivyowagawia? Wazee wetu walioishi kwa minazi na mashua hawakuulizwa sana swali hili la pili, kwani mali yao ilionekana kwa macho. Minazi ilihesabika, na mashua ilifungwa ufukoni kila mtu akaijua. Leo mali ya mtu ni nambari iliyo katika daftari la ofisi, na mkewe aghlabu hajui hata hiyo ofisi iko mtaa gani.

Tumeona heri kuyaandika maswali haya mawili pamoja kwa sababu tumewaona watu wakiyafunga fundo moja, na mtoto mdogo akawa ndiye anayekabwa na fundo hilo. Tutaueleza mkasa wenyewe, na majina tutayaacha, kwani walio hai wana haki ya sitara na aliyekufa ana haki zaidi.

Bwana mmoja wa Mombasa alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya mizigo. Alipoandikwa kazi mwaka 2009 alikuwa kijana asiye na mke, akapewa fomu ya mfuko wa pensheni, na penye nafasi ya jina la mtu wa kulipwa akifa akaandika jina la nduguye mkubwa. Baadaye akaoa, akaruzukiwa mtoto mwanamume, kisha akaachana na mkewe kwa wema, mtoto akabaki kwa mamake. Akaoa mke mwingine, wakapata mabinti wawili. Katika miaka yote hiyo hakuikumbuka ile fomu hata siku moja. Mwaka 2023 akafa ghafula, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha mama mzazi, mjane, mtoto mwanamume wa miaka mitano, na wale mabinti. Babake alikuwa ametangulia zamani. Wadhamini wa mfuko wakaitazama fomu, wakamlipa yule ndugu mkubwa.

Mwaka uliofuata mtalaka wa marehemu, yaani mama wa yule mtoto mwanamume, akapata kazi Maskati aliko kakake, akataka kwenda na mwanawe. Ami wa mtoto akasema: huyu ni damu yetu, hatoki Mombasa, na akitoka, asahau fungu lake katika fedha za babake. Basi mama akaja kwetu. “Maalim,” akasema, “mimi si mke tena, wala sitaki hata senti moja. Lakini mwanangu afungwe kamba kwa fedha za babake mwenyewe?”

Na tuanze na mtoto. Ulezi wa mtoto mdogo, ambao wanavyuoni wauita hadhana, ni wa mama kwanza madamu hajaolewa na mtu baki. Akikosekana yeye ni wa mamake, kisha ndipo wafuatapo wengine. Mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, nao hukadiriwa miaka saba, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii huulizwa mwenyewe amtaka nani. Haya wengi wayajua. Wasilolijua ni hukumu ya safari, nayo imeelezwa waziwazi katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa pwani hii wamekisomesha miaka na miaka. Safari ni namna mbili. Mmoja wa wazazi akisafiri kwa haja, kama biashara au Hija, mtoto hubaki na yule asiyesafiri mpaka mwenziwe arudi. Lakini safari ikiwa ni ya kuhama moja kwa moja, basi baba ndiye mwenye haki zaidi ya kuwa na mtoto, ikiwa njia ni ya amani na huko aendako ni kwa amani. Sababu waliyoitoa ni kuhifadhi nasaba ya mtoto na malezi yake. Na mama akifuatana nao haki yake ya kulea haiondoki.

Hukumu hii imetumiwa vibaya na wanaume wengi, na hatuoni sababu ya kuwastahi. Mtu amchukua mwanawe siku ya Idi kwa kisingizio cha kumtembeza, kumbe tikiti ya basi i mfukoni. Mama akija kuuliza aambiwa mtoto yuko Nairobi, na kwamba sheria yampa baba haki. Sheria haikumpa haki ya kuiba. Wanavyuoni wamesema kwamba mama akimkanusha baba katika nia yake ya kuhama, baba huapishwa. Na akikataa kuapa, huapa mama, naye hubaki na mtoto. Hebu na aape kwanza, ndipo aseme habari ya haki.

Na katika mkasa wetu baba amekufa. Je, ami ana neno? Analo. Imamu Nawawi amesema kwamba jamaa wa kuumeni walio maharimu wa mtoto, katika jambo hili la kuhama, ni kama baba. Kwa hiyo hatukumwambia yule ami kwamba hayamhusu. Tulimwambia kwamba katika safari ya kuhama neno lake lasikizwa, ila liwe ni neno la kumtakia mtoto heri. Na mtu amtakiaye mtoto heri hamtishi kwa kumnyima mali yake.

Kisha tukamwuliza mama, naye tulimwuliza kwa upole kwani alikuwa amechoka kuulizwa: mwanangu, waenda kuhama au waenda kazi? Akatoa mkataba. Ulikuwa wa miaka miwili, na ndani yake imeandikwa kwamba mfanyakazi atalala kwa mwajiri, na siku yake ya mapumziko ni moja kwa juma. Maana yake ni kwamba mtoto angekwenda Maskati akalelewa na mke wa mjomba ambaye hajapata kumwona, na mama mwenyewe angemwona mara nne kwa mwezi. Mama alikuwa ameusoma mkataba huo mara nyingi, lakini nadhari yake yote ilikuwa katika mshahara. Ikadhihirika kwamba safari hii ni ya haja. Basi mtoto abaki. Na abaki kwa nani? Ami alikuwa tayari amemtengea kitanda. Lakini baada ya mama, anayefuata katika ulezi ni mamake, na bibi huyu yu hai, ana afya, na nyumba yake iko mwendo wa dakika kumi kutoka hapa msikitini.

Ami hakulipenda hili. Tukamkumbusha habari ya binti wa Sayyidna Hamza. Hamza alikuwa amekufa shahidi Uhud, na bintiye alikuwa Makka. Katika mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipomaliza Umra na kutoka Makka, yule mtoto aliwafuata, naye Ali akamchukua. Wakagombana watu watatu, kila mmoja amtaka: Ali na Jaafar, ambao Hamza ni ami yao, na Zaid bin Haritha, aliyefungishwa udugu na Hamza. Watazame wagombaji hao ni nani, na utukufu wao ni upi. Mtume akahukumu mtoto awe kwa Jaafar, na sababu aliyoitoa haikuwa utukufu wa Jaafar. Ilikuwa ni kwamba mke wa Jaafar ni khaloo wa mtoto, ndugu wa mamake, na khaloo yuko katika cheo cha mama. Ikiwa khaloo ametangulizwa hivi, nyanya mzaa mama atasukumwa nyuma na nani?

Lakini yatupasa tuwe wakweli kwa wasomaji wetu. Katika Kenya jambo la mtoto halimaliziki barazani. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imetaja mambo ya kadhi kuwa ni hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Ulezi wa watoto haukutajwa kwa jina lake, na kesi nyingi za ulezi hupelekwa katika mahakama ya watoto. Huko hakimu hutazama kwanza maslahi ya mtoto, kama isemavyo Katiba hiyo katika kifungu cha 53 na Sheria ya Watoto ya 2022. Mama aliyebaki baada ya baba kufa ana nguvu kubwa mbele ya hakimu huyo, na huenda angepewa ruhusa ya kusafiri na mwanawe. Hatukumficha hilo. Tulimwambia: mlango huo uko wazi, wala hatukuzuii. Akakaa siku tatu akifikiri, kisha akarudi na mamake akasema mtoto atabaki kwa nyanyake. Jirani zetu wa Tanganyika wana sheria yao ya ndoa ya 1971, nayo hukisia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni bora awe kwa mamake, ila ikithibitika vinginevyo, na humtaka hakimu aangalie pia ubaya wa kumhamisha mtoto huku na huku. Neno hili la mwisho latupendeza sana, kwani mtoto ahamishwaye kila mwaka hasomi wala hatulii. Sisi tulio chuoni twawajua watoto hao kwa macho yao.

Sasa na tuje kwenye fedha. Ami alikuwa na maneno mawili, na yote mawili alikuwa ameyasikia kwa watu waliosoma. La kwanza: jina lililoandikwa ni langu. La pili: sheria ya serikali yasema fedha hizi si urithi. Katika hili la pili hakusema uongo. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997, kifungu cha 36A, yasema kwamba mwanachama wa mfuko akifa, mafao yake hayahesabiwi kuwa sehemu ya mali ya marehemu katika usimamizi wa mirathi, na wadhamini watayalipa kwa kufuata kanuni za mfuko. Ndiyo maana ofisi ililipa pasipo kungoja cheti cha kadhi. Lakini sheria hii yaonyesha fedha zitatokea mlango gani. Haimwambii Mwislamu aliyepokea kwamba haki ya yatima imefutika.

Tarika ya mtu, yaani anachokiacha, ni kila alichokimiliki mpaka alipokufa. Fedha zilizokatwa katika mshahara wake mwezi baada ya mwezi ni jasho lake. Na zile alizoongezewa na mwajiri kwa jina lake kwa ajili ya kazi yake, nazo ni ujira wake uliocheleweshwa. Tazama mfuko wa watumishi wa serikali ulioanza Januari 2021: mtumishi hukatwa asilimia 2 katika mwaka wa kwanza, 5 katika wa pili, kisha 7.5, na serikali huongeza asilimia 15. Nani atasema kwamba fedha hizo si mali ya mtumishi? Aliyekatwa ni nani?

Ama jina katika fomu, kijana mmoja msomi alituuliza barazani: je, haiwezi kuwa ni hiba, au wasia? Swali zuri. Hiba katika madhehebu yetu haitimii mpaka aliyepewa aikabidhi, na ami hakukabidhi chochote ndugu yake alipokuwa hai. Ikiwa ni wasia, wasia hauvuki theluthi kwa asiyekuwa mrithi, na kwa mrithi hauwi ila warithi wengine waridhie. Kwa hiyo hata aliyeshikilia sana hawezi kuzichukua zote. Na sisi twaona hata theluthi hana, kwani fomu haikumwuliza marehemu amzawadie nani; ilimwuliza alipwe nani, na kijana asiye na mke akamwandika nduguye amwaminiye. Wenzetu wa Malaysia, nao ni Mashafii kama sisi, walikutana na jambo hili mapema kwa sababu ya mfuko wao wa akiba ya wafanyakazi, na mwaka 1973 baraza lao la fatwa likakata kwamba aliyeandikwa jina ni kama msimamizi wa wasia: apokee, kisha awagawie warithi. Kushika si kumiliki. Mwenye kumlea mtoto hakummiliki mtoto, na mwenye kupokea hundi hakuimiliki hundi.

Yako malipo mengine ambayo hatuyatii katika hukumu hii. Serikali au kampuni ikiamua kwa kanuni zake kumpa mjane na watoto riziki ya kila mwezi baada ya mume kufa, fedha ambazo marehemu hakuzimiliki wala hangeweza kuzidai akiwa hai, hiyo ni atia yao wenyewe, na hupewa waliotajwa. Mwaka mmoja alikuja mama mkwe akidai sudusi katika riziki ya namna hiyo ya mjane wa mwanawe. Tulimrudisha nyumbani kwa adabu.

Basi tukapiga hesabu mbele ya ami. Baada ya deni la marehemu kulipwa zilikuwa shilingi 2,400,000. Mjane ana thumni kwa kuwa marehemu ana watoto: 300,000. Mama mzazi ana sudusi: 400,000. Zinabaki 1,700,000, nazo ni za watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja: mtoto mwanamume 850,000, na kila binti 425,000. Mtalaka hana kitu, kwani eda yake iliisha zamani. Na ndugu? Ndugu huzuiwa na mtoto mwanamume. Yule ambaye jina lake limeandikwa katika fomu, na ambaye alikuwa amezishika fedha zote, fungu lake katika mirathi hii ni sifuri. Ami aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

Tena lilikuwa limebaki jambo moja ambalo hakulifikiri. Hata kama mtoto angebaki kwake, asingekuwa na mamlaka ya kuishika mali yake. Walii wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa na mmoja wao, kisha kadhi. Ami hamo, ila ameusiwa au kadhi amemweka. Na mama naye hamo, vivyo hivyo, ingawa mama wengi wadhani wamo. Fungu la mtoto ni lake akiwa Mombasa, na ni lake akiwa Maskati, na lingekuwa lake hata angepelekwa Uingereza. Umbali si katika mambo yanayomzuia mtu kurithi.

Hatukumwambia ami kwamba polisi watamjia. Sheria ya Urithi ya Kenya tangu 1990 imewaachia Waislamu wagawane mali kwa dini yao, lakini kwa kile kifungu cha 36A angeweza kubishana mahakamani miaka mingi. Tulimtajia aya ya 10 ya Suratun Nisaa, isemayo habari ya walao mali ya mayatima, nasi hatukuisoma kwani yeye aijua kwa moyo. Aliihifadhi chuo kimoja nasi. Akanyamaza, kisha akasema kwamba laki sita amekwisha kuzitia katika paa la nyumba yake.

Enyi vijana mlio kazini, na hasa nyinyi mnaojiandaa kuoa: iulizeni ofisi yenu leo fomu yenu yasema nini. Mtu akioa na aitazame, akipata mtoto na aitazame, na akiachana na mke aitazame siku ileile. Kisha aandike wasia, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, kwamba fedha zitakazolipwa kwa mkono wa fulani ni za warithi wake kwa faradhi, na amtaje nani awe wasii wa mali ya watoto. Hapo anaweza kumtaja mama yao, na kwa kufanya hivyo atamwepusha na safari nyingi za mahakamani. Na mwenye kusafiri kwa mkataba na akubaliane kwa maandishi na jamaa wa upande wa pili: mtoto atalala wapi, atasoma wapi, nani atalipa, atazungumza na mamake siku gani. Wino ni rahisi kuliko wakili.

Jambo la yule mtoto lilikwenda hivi. Shauri liliandikwa kwa kadhi kwa ridhaa ya wote, na katika zile 1,800,000 zilizopatikana kwa ami yalitengwa kwanza mafungu ya mayatima watatu, yakawekwa benki kwa majina yao chini ya wasii aliyewekwa na kadhi. Mjane akapewa 100,000 zilizosalia. Laki sita za paa ami hulipa 25,000 kila mwezi. Mama mzazi alisema mwenyewe kwamba mkwewe alipwe kwanza, yeye awe wa mwisho. Mjane amekwisha kupata haki yake yote. Za mama zimebaki miezi kumi, na mtoto ametimiza miaka saba. Yuko hapa chuoni katika juzuu ya Amma, na kila Ijumaa baada ya sala huenda kwa nyanyake kungoja simu ya Maskati.